Spea ya Simu Mfu

Chini ya meza ya fundi simu ninayemwendea Kariakoo kuna ndoo ya plastiki ambayo zamani ilikuwa ya rangi. Imejaa simu mfu: zilizozama chooni, zilizokanyagwa na bajaji, zilizoungua bodi. Mteja mgeni akimwona fundi anaichokonoa hudhani anatafuta takataka za kutupa. Kumbe hapo ndipo anapotoa riziki. Simu iliyokufa bodi mara nyingi imebaki na kioo kizima, kamera nzima, spika nzima. Mamantilie ambaye oda zake zote na malipo yake yote yamo ndani ya simu moja hawezi kununua kioo kipya cha kiwandani, ila cha kutoka kwenye ndoo anakimudu, na jioni ileile anarudi kazini.

Ndoo hiyo inakauka. Simu mfu bado zipo tele, ila spea zake zimeanza kufungwa kwa namba.

Mambo yenyewe yako hivi. Kioo, betri na kamera za simu nyingi za bei ghali siku hizi hubeba chipu ndogo yenye namba yake. Bodi ya simu inazikumbuka namba za vifaa ilivyozaliwa navyo. Simu ikiwashwa huviuliza, na kifaa kikijibu namba nyingine, programu inakasirika. Pengine inatoa onyo lisilofutika, pengine inaficha afya ya betri, pengine inazima kazi fulani kabisa. Haijalishi kama kifaa chenyewe ni halisi, kimetoka kiwanda kilekile, ndani ya simu ya aina ileile. Chukua simu mbili mpya zilizo pacha, badilishana vioo vyake, na zote mbili zinaweza kulalamika.

Mwezi uliopita nilikaa pale karibu saa nzima nikimtazama fundi akibadilisha betri ya simu ya namna hiyo. Betri mpya alikuwa nayo mezani, na kuiingiza ilikuwa kazi ya dakika kumi. Hakuiingiza. Alibandua utepe mweusi uliofunika kichwa cha betri ya zamani, akakata vijibati viwili vinavyounganisha seli na kibao chake, akakinyanyua kibao kwa kibano. Kilikuwa na urefu wa njiti ya kiberiti hivi. Akaifanyia betri mpya vivyo hivyo, akatupa kibao chake, kisha akakishikiza kile cha zamani kwenye seli mpya kwa mashine ndogo ya kuchomelea inayotoa cheche moja na mlio mfupi. Muda wote kidole cha mkono wake wa kushoto kilikuwa kimetenganisha vijibati vile viwili, maana vikigusana betri inawaka moto mkononi. Nikamuuliza anajihatarishia nini.

“Kaka, simu inaijua namba ya kwenye kibao,” alisema. “Nikiweka yenye namba nyingine, inamwambia mteja betri haijulikani. Mteja atamwamini nani, mimi au simu yake?”

Nimelifikiria swali hilo tangu siku ile. Watengenezaji wanasema wanafunga vifaa kwa ajili ya usalama, na hoja hiyo siibezi, kwa sababu betri feki ya lithiamu huvimba na kulipuka kweli. Ila kilichofungwa pale ni namba, na namba haipimi ubora. Betri nzuri yenye namba ngeni inakataliwa, huku seli yoyote ile, hata mbovu, ikipita ilimradi imevalishwa kibao cha zamani. Fundi anasukumwa aache njia salama ya dakika kumi, ashike ya hatari ya saa nzima. Mimi naunga mkono simu kumweleza mwenyewe kwamba kioo hiki si kile cha mwanzo. Anayenunua simu iliyotumika ana haki ya kujua. Kumjulisha ni jambo moja, na kumzimia kifaa alichokilipia ni jambo jingine kabisa.

Historia ya jambo hili imeandikwa wazi. Mwaka 2016 ilifahamika kwamba watu waliokuwa wamebadilishiwa kitufe cha alama ya kidole kwenye iPhone 6 na fundi wa nje walisasisha programu, simu zikafa na kuandika kosa namba 53. Apple iliomba radhi na kutoa dawa, na mwaka 2018 mahakama ya Australia iliitoza faini ya dola milioni 9 za nchi hiyo, kwa kuwaambia wateja kwamba wamepoteza haki ya kuhudumiwa kwa kuwa walitengenezewa kwingine. Mwaka 2021 ikaja iPhone 13: ukibadilisha kioo mwenyewe, utambuzi wa sura ulikuwa unazimika, mpaka uhamishe chipu ndogo kutoka kioo cha zamani chini ya hadubini. Kelele zikapigwa, kampuni ikalegeza. Mwaka 2023 iFixit, kampuni ya Marekani inayozipa simu alama za urahisi wa kutengenezeka, iliishusha iPhone 14 kutoka alama 7 hadi 4. Ndani simu ilikuwa imepangwa vizuri kuliko zilizoitangulia. Kilichoiangusha ni kufuli la programu.

Hoja iliyo nzito kuliko zote ni ya wizi, na hapa lazima niseme kweli. Simu inaporwa na vijana wa bodaboda mchana kweupe, na simu iliyofungwa kwa akaunti ya mwenyewe haiuziki nzima, basi inachinjwa na kuuzwa vipande. Kipande kikikataa kufanya kazi kwenye simu nyingine, soko la mwizi linakauka. Niliyewahi kunyang'anywa simu kituoni siwezi kulipuuza hilo.

Lakini kampuni yenyewe imekwisha kuonyesha kwamba kufuli linaweza kutofautisha. Aprili 2024 Apple ilitangaza kwamba, kuanzia iPhone 15, vifaa halisi vilivyotumika vitakubaliwa kwenye simu nyingine, isipokuwa vilivyotoka kwenye simu ambayo mwenyewe ameifunga au ameitangaza kuwa imepotea. Kwa hiyo kukataa kila namba ngeni kulikuwa uamuzi wa watu, teknolojia haikulazimisha. Tangazo hilo lilikuja wiki chache baada ya jimbo la Oregon, Marekani, kutunga sheria, Machi 2024, inayokataza kufunga spea kwa namba katika vifaa vipya. Apple ilikuwa imekipinga kifungu hicho. Umoja wa Ulaya nao, kwa agizo lake la mwaka huohuo, unawakataza watengenezaji kuzuia matumizi ya spea zilizotumika, ila umewaachia mlango wa kutoa sababu halali.

Bado ipo shida ambayo suluhisho la Apple haliigusi, nayo ni ya kwetu hasa. Simu nyingi za mtumba zinazoingia Dar es Salaam zimepitia Dubai. Chukua mojawapo: mwenyewe wa kwanza aliitupa ikiwa imekufa, hakuwa na namna ya kuiwasha aondoe akaunti yake, wala hakujua kwamba kuna haja ya kufanya hivyo. Simu hiyo haikuibwa. Imeachwa tu ikiwa imefungwa, na kila kitu kilichomo ndani kimefungwa pamoja nayo. Fundi wangu ananunua mzigo wa namna hiyo kwa kilo, na sehemu kubwa inaishia kuwa uchafu. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za elektroniki, na zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo hazikufika robo. Kioo kizima kinachotupwa kwa sababu ya namba kimo ndani ya hesabu hiyo.

Ndiyo maana sitaki tuinakili sheria ya Ulaya kama ilivyo. Huko kelele kubwa ni kulazimisha kampuni ziuze spea mpya kwa miaka kadhaa, jambo jema kwa mtu ambaye simu yake ina thamani ya kubeba spea hiyo. Kwa simu ya mtumba, kioo kipya cha kiwandani kinaweza kukaribia bei ya simu yenyewe. Kwetu kifungu cha kwanza kiwe cha spea iliyotumika: kifaa halisi kisikataliwe na programu ila pale simu kilikotoka imeripotiwa kuibwa.

Na nani atajua imeripotiwa? Daftari tunalo. Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilizima simu bandia nchi nzima kwa kutumia mfumo wa kuhifadhi namba za IMEI, na mfumo huohuo ndio unaofungia simu zilizoibwa. Simu lazima ziidhinishwe kabla ya kuuzwa nchini. Sharti moja zaidi kwenye kibali hicho, kwamba mtengenezaji alinganishe kufuli lake na taarifa za wizi, kisha awaachie mafundi kilichobaki, halihitaji maabara wala mtaji. Soko la Tanzania peke yake ni dogo, najua. Tanzania, Kenya na Uganda zikiweka sharti hilo pamoja, si rahisi kulipuuza.

Wapo watakaosema kwamba simu zilizo mifukoni mwetu ni Tecno, itel na Infinix, na kwamba kwa nyingi ya hizo fundi bado anahamisha kioo bila kuomba ruhusa kwa mtu. Ni kweli, na ndiyo sababu nataka jambo hili liandikwe sasa. Mtindo wa simu ya bei ghali hushuka hadi kwenye ya bei nafuu baada ya miaka michache. Ndivyo betri isiyochomoka ilivyotufikia.

Nilipoondoka siku ile simu ilikuwa imewaka, onyo halikutokea, na mteja alilipa akaenda zake bila kujua kidole kile kilikuwa kimekaa wapi.