Kiswahili cha Uhura na Kiingereza cha muuguzi

Wapo watu wazima, wenye kazi na familia, ambao kwa zaidi ya nusu karne wamekuwa wakizozana juu ya kipindi kimoja cha televisheni kilichoonyeshwa Marekani tarehe 29 Septemba 1967. Mfululizo wenyewe ni Star Trek, hadithi ya kubuni ya kisayansi kuhusu mabaharia wa angani wa karne ya 23. Ulianza mwaka 1966, na matawi yake yamezidi kuchipuka hadi karne hii. Mashabiki wake ni wabishi wa kupigiwa mfano. Vipindi vyote wamevipanga daraja, na kuna baadhi ambavyo vikitajwa tu kikao huvunjika. Wenzangu chuoni huyaona haya kuwa mchezo wa watoto. Mimi siyaoni hivyo, hasa pale ambapo lugha iliyo kizimbani ni yetu.

Kipindi hicho kinaitwa The Changeling. Roboti iitwayo Nomad inaingia chomboni, inamsikia Luteni Uhura, ofisa wa mawasiliano, akiimba. Haielewi kuimba ni nini, nayo inamchunguza akili hadi inayafuta yote aliyowahi kujifunza. Baadaye tunamwona ameketi na Muuguzi Chapel mbele ya somo la watoto wanaoanza kusoma. Anakwamakwama katika Kiingereza, mara Kiswahili kinamponyoka, na muuguzi anamrudisha kwenye Kiingereza. Kabla kipindi hakijamalizika, daktari anatangaza kwamba mgonjwa amekwisha kufika kiwango cha chuo, na katika muda wa juma moja atarejea kazini.

Hapo ndipo ugomvi unapoanzia. Wapo wanaodai kuwa kisa hiki ni upuuzi mtupu: akili iliyofutwa haiwezi kujazwa upya kwa siku chache, na kama kweli ilifutwa, hicho Kiswahili kilitoka wapi? Wapo wanaojibu kwamba kilichofutwa ni elimu, si nafsi, na kwamba hadithi ya saa moja haina nafasi ya kumfunza mtu kwa miaka ishirini. Wengine huona kwamba watunzi walimfanyia dharau mwanamke Mweusi ambaye kuwapo kwake katika chumba cha usukani, kwa Marekani ya wakati ule, kulikuwa jambo kubwa.

Swali la Kiswahili kilitoka wapi si geni katika taaluma yangu. Mwaka 1881 Mfaransa Théodule Ribot aliandika kwamba kumbukumbu inapoharibika, yaliyojifunzwa mwanzo ndiyo hudumu zaidi. Kwa hiyo mtu wa lugha nyingi angetarajiwa kubaki na lugha ya utotoni. Mwaka 1895 mwenzake Albert Pitres, aliyechunguza wagonjwa waliopotewa na usemi, alidai kwamba lugha inayorudi kwanza ni ile mgonjwa aliyokuwa akiitumia sana kabla ya kuugua. Wagonjwa wamepatikana wa kuunga mkono kila upande, na wengine ambao hawaungi mkono wowote. Uhura alifanya kazi kwa Kiingereza usiku na mchana, hivyo kwa kauli ya Pitres Kiingereza ndicho kingetangulia. Watunzi, yamkini bila kujua, walimfuata Ribot. Hilo si kosa, na mashabiki wanaolishikilia wamegonga mlango usio na mwenyeji.

Lakini kumfuata Ribot kunadai tuamini kwamba Kiswahili ndiyo lugha ya kwanza ya Uhura. Msingi wa dai hilo ulikuwa mwembamba tangu siku ya kwanza. Mwigizaji Nichelle Nichols, aliyefariki mwaka 2022, alisimulia kwamba alipokwenda kujaribiwa alikuwa na riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru, inayohusu nchi yetu, na jina la mhusika likazaliwa humo. Muundaji wa mfululizo, Gene Roddenberry, akaligeuza kuwa Uhura ili lilainike. (Eti irabu -a ndiyo ya kike! Waitaliano wataelewa, sisi ngeli zetu hazijui mume wala mke.) Katika kipindi cha kwanza kabisa kuonyeshwa, tarehe 8 Septemba 1966, kiumbe chenye kujigeuza sura kinamjia Uhura katika umbo la mwanamume Mweusi anayesema Kiswahili. Kwa watunzi wale, Mwafrika na Kiswahili vilikwenda pamoja kama ngozi na mwili.

Nilipokuwa nyumbani Navakholo wakati wa likizo, niliwaonyesha kipindi hiki walimu kadhaa na wanafunzi wa sekondari. Binti mmoja aliuliza, "Mwalimu, mbona hakusema Olunyala?" Tulicheka, lakini swali lilikuwa la haki. Kwa watoto wengi wa Abanyala, Kiswahili ni lugha ya pili, wanayokutana nayo sokoni na darasani; Ribot angewatabiria Olunyala. Mwalimu mmoja alimjibu kwamba mjini Kakamega, safari fupi tu kutoka hapo, wako watoto ambao Kiswahili ndicho cha kwanza na lugha ya nyanya zao hawaijui, na kwamba hadi karne ya 23 huenda Uhura akawa ndiye Mkenya wa kawaida. Mabishano yaliendelea hadi chai ikapoa.

Hata hivyo, aliyenishughulisha mimi zaidi ni muuguzi. Katika shule niliyosomea utotoni, aliyenaswa akisema lugha ya nyumbani alivishwa kibao shingoni, tulichokiita diski, akakivaa mpaka amnase mwingine. Siku za Kiingereza hata Kiswahili kiliadhibiwa. Haya yalitendeka ilhali ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilikwisha kupendekeza lugha ya eneo itumike kufundishia katika madarasa matatu ya mwanzo. Leo katiba ya mwaka 2010 inaitaka serikali ikuze lugha zote za wananchi, nami bado hukutana na wazazi wanaompima mtoto wa miaka sita kwa Kiingereza chake, na walimu wanaokubali kipimo hicho. Chapel hana ukali wowote, ni mpole kama mama. Ila kipimo chake ndicho hicho hicho: mgonjwa anapozungumza Kiswahili bado hajapona, akisoma Kiingereza anaelekea kupona.

Mwaka 2022 mfululizo mpya, Strange New Worlds, ulimrudisha Uhura akiwa kijana mwanafunzi, mzaliwa wa Kenya, mjuzi wa lugha 37. Mashabiki wengi walifurahi. Mimi nilikirudia kile kipindi cha 1967 kwa hesabu hiyo mpya. Roboti ilifuta elimu ya mtu mwenye lugha 37. Moja wakaharakisha kumrudishia, nyingine moja ikajitokeza yenyewe. Daktari alipotoa taarifa yake hakutaja hata moja kati ya zile 35, na chombo kizima hakikutoa mtu wa kumuuliza Uhura, kwa Kiswahili, anakumbuka nini.