Nyangumi Hana Saa ya Meli

BAHARI NA WATU
Na Salma Bakari

Kila mwaka, kuanzia Aprili hadi Oktoba, meli kubwa za kitalii hupanga foleni kuingia Juneau, makao makuu ya jimbo la Alaska nchini Marekani. Mji huo una wakazi wapatao 32,000, wala hauna barabara ya kuuunganisha na miji mingine. Anayefika huko amepanda ndege au chombo cha majini. Mwaka 2023 abiria wa meli hizo walipita milioni 1.6, na tangu 2024 mji na kampuni za meli wamekubaliana kwamba meli kubwa zisizidi tano kwa siku. Wengi wa abiria hao hushuka na hamu moja: kumwona nyangumi nundu. Kwa kuwa saa zao ni chache, huchagua boti kwa kutazama bei, na kama mwenye boti ameahidi kurudisha fedha nyangumi asipoonekana. Naona vipimo vyote viwili vinawapotosha. La kuulizwa kwanza ni jinsi nahodha anavyomsogelea mnyama.

Tuitazame hiyo ahadi. Wakati wa kiangazi nyangumi ni wengi katika maji ya karibu na Auke Bay, mwendo wa kilomita 20 hivi kutoka gati za mjini, na ni nadra boti kurudi bila kuwaona. Kwa hiyo ahadi ya kurudisha fedha haimgharimu mwenye boti kitu kikubwa, wala haimpi abiria jambo ambalo asingelipata hata bila hiyo ahadi. Ubaya wake ni kwamba humzoesha abiria kudhani amemnunua nyangumi kama anavyonunua tiketi ya basi, na kwamba nahodha ana deni la kumfikisha. Boti ikiwa na abiria wanaodai, na saa ya meli inakimbia, nahodha hushawishika kukaza mwendo, kukata kona mbele ya mnyama, na kujiunga na boti nyingine kumi zilizokwisha kumzunguka nyangumi mmoja.

Lakini nyangumi yule hakuja Alaska kutembea. Wengi wao hukaa Hawaii majira ya baridi, safari ya zaidi ya kilomita 4,000, na huko huzaa na kunyonyesha bila kula karibu chochote kwa miezi. Alaska ndiyo jiko lao. Heringi na kamba wadogo wanaowameza kiangazi ndio akiba itakayomwezesha mama kurudi kusini na kulisha ndama wake. Anayemkatiza nyangumi akila anamkatia chakula cha miezi ijayo. Ndiyo sababu kanuni za serikali ya Marekani, zilizoanza kutumika Alaska mwaka 2001, zinakataza kumsogelea nyangumi nundu chini ya mita 91, na pia zinakataza ujanja wa kumtangulia na kumngoja njiani ili aibuke kando ya boti. Mwongozo wa hiari unaongeza kwamba boti isikae na nyangumi zaidi ya nusu saa.

Wapo wanaosema wasiwasi huu umepitwa na wakati, kwa kuwa nyangumi nundu waliongezeka sana baada ya uwindaji kukomeshwa. Ni kweli waliongezeka. Hata hivyo, utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulikadiria kwamba wale wa Pasifiki ya Kaskazini walipungua kutoka takriban 33,000 mwaka 2012 hadi takriban 26,600 mwaka 2021, na watafiti wakalihusisha anguko hilo na joto kali la bahari la miaka ya 2014 hadi 2016, lililovuruga chakula chao. Boti hazikulileta joto lile. Ila mnyama ambaye bahari yenyewe imempunguzia chakula ana haki ya kula kinachobaki kwa utulivu.

Hoja nzito zaidi ni ya saa. Meli humngoja aliyechelewa akiwa katika matembezi iliyouza yenyewe. Aliyejitafutia boti mjini anaweza kubaki gatini akiitazama ikiondoka. Hofu hiyo ina msingi, nami simlaumu anayelipa zaidi ili alale usingizi. Lakini matembezi yanayouzwa melini kwa kawaida huendeshwa na kampuni za wenyeji, hivyo hata huyo anaweza kuuliza ni kampuni gani na inafuata mwongozo upi. Na ambaye meli yake inakaa mchana kutwa ana nafasi ya kutosha ya kupanda boti ya asubuhi na kurudi mapema. Kuhusu ukubwa wa boti sina jibu moja. Boti ndogo ina ukaribu mzuri na maelezo ya kusikika, ila boti moja ya watu mia inaweza kumsumbua nyangumi zaidi kuliko boti ndogo moja, na kidogo kuliko boti ndogo kumi. Tabia ya nahodha inapita ukubwa wa chombo.

Sisi wa pwani hii hatuhitaji kwenda Alaska kuelewa. Kizimkazi, kusini mwa Unguja, watafiti walionyesha kwamba pomboo wanaofuatwa na boti za watalii hupumzika kidogo na kuhangaika zaidi. Mgeni njoo mwenyeji apone, tunasema. Huko mwenyeji wa kwanza ni pomboo, na Juneau ni nyangumi.

Basi wewe msomaji, au ndugu yako aliye ughaibuni anayepanga safari hiyo, kabla ya kulipa ulizeni kama kampuni imejiunga na Whale SENSE, mpango wa hiari ulioanza Alaska mwaka 2015, ambao wanachama wake hufunzwa na kukaguliwa kila mwaka. Majina ya kampuni zilizojiunga yako wazi kwa kila mtu.