Rangi haitakausha kuta za madarasa

Kila Desemba shule zikifungwa, mafundi huitwa katika shule nyingi za Kitale na Bungoma kuja kupaka upya sehemu ya chini ya kuta za madarasa. Ifikapo Juni, mvua ikiwa imekolea, rangi ile huwa imekwisha kuvimba na kubambuka, na chini yake pameota unga mweupe wa chumvi. Desemba ifuatayo fundi huitwa tena. Wahenga walituusia kuziba ufa. Hawakusema tuupake rangi.

Fedha hizo za wazazi zinapotea bure, kwani ugonjwa haumo katika rangi. Umo ardhini. Tofali la kuchoma, hasa lisiloiva vyema tanurini, lina vitundu vidogo vidogo vivutavyo maji kutoka chini kama utambi wa koroboi uvutavyo mafuta. Mwalimu wa sayansi aweza kulithibitisha jambo hili darasani: asimamishe kipande cha chaki ndani ya wino kidogo, wanafunzi watazame wino unavyopanda. Ukutani, unyevu huo kwa kawaida hukoma mnamo mita moja kutoka chini. Doa lianzialo juu, karibu na dari, ni la paa linalovuja, na hilo ni shauri jingine.

Ukiufunika ukuta wa namna hiyo kwa plasta ya saruji na rangi ya mafuta, maji hukosa pa kutokea, yakazidi kupanda. Wenzetu wa Mji Mkongwe wa Unguja wamelijua hilo kwa hasara: nyumba zao za mawe ya matumbawe na chokaa zilikuwa zikipumua, nazo ziliharibika zilipokandikwa saruji.

Dawa huanzia nje, kwa jembe. Udongo uliorundikana ukutani uondolewe hadi uwe chini ya sakafu, mtaro uchimbwe, na mifereji iwekwe kwenye mabati ili maji yasirukie ukuta. (Shule itapata pia maji ya tangi.) Kisha plasta iliyooza ibanduliwe, ukuta uachwe ukauke kwa miezi kadhaa, ndipo upigwe plasta ya chokaa. Kizuizi cha unyevu chaweza kuingizwa hata katika ukuta wa zamani, ila kazi hiyo yataka fundi stadi, akate kipande kifupi baada ya kingine.

Mwalimu mkuu atasema hana fedha. Rangi ya kila mwaka hulipwa kwa fedha gani? Isitoshe, Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2009, lilihusisha unyevu na kuvu majumbani na pumu na maradhi mengine ya kupumua. Watoto wetu huketi kando ya kuta hizo kutwa nzima.

Kosa kubwa zaidi hutendeka siku ya kujenga. Tangu hazina ya maeneobunge ianzishwe mwaka 2003, madarasa mengi yamesimamishwa, na hakuna mgeni wa heshima akataye utepe wa msingi. Karatasi ya lami au ya plastiki nzito yapasa kutandazwa juu ya msingi, upana mzima wa ukuta, walau sentimita 15 juu ya ardhi. Bodi za shule zisitie saini malipo ya hatua hiyo kabla mwalimu mkuu na mzazi mmoja hawajaiona karatasi hiyo kwa macho yao, tofali la kwanza lingali halijawekwa juu yake.