Ahadi ni deni, na deni lina hesabu

Wahenga walisema ahadi ni deni. Mwezi Septemba 2020, mbele ya Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, Rais Xi Jinping aliahidi kwamba hewa ya ukaa itokayo China itafikia kilele kabla ya mwaka 2030, na kwamba kabla ya mwaka 2060 itakayotoka italingana na itakayofyonzwa. Hiyo si ahadi ndogo, kwani takriban theluthi moja ya hewa ya ukaa itokanayo na kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi duniani hutoka nchini humo.

Wengi huuliza: je, watafika? Sisi twaona swali zito zaidi ni hili: watapita njia gani?

Wataalamu huichora njia hiyo kwa hesabu. Yoichi Kaya wa Japani alionyesha kwamba hewa ya ukaa ya nchi hupatikana kwa kuzidisha mambo manne: idadi ya watu, pato la kila mtu, nishati inayotumika kuzalisha pato hilo, na ukaa uliomo katika nishati hiyo. Hukadiriwa namna kila jambo litakavyobadilika mwaka hadi mwaka, ukapatikana mstari unaopanda kisha ukashuka. Huko si kudai kujua ya ghaibu. Ni kusema tu, mkitenda hili, litafuata lile.

Tutafakari mfano huu. Mapipa mawili yanajazwa maji, na mabomba yote mawili yanafungwa magharibi. La kwanza lilipunguzwa tangu adhuhuri. La pili lilimwaga kwa nguvu hadi dakika ya mwisho. Saa ya kufunga ni moja, lakini maji hayalingani. Hewa ya ukaa nayo, sehemu yake hubaki angani kwa karne nyingi. Joto hufuata jumla iliyokusanyika, wala halifuati tarehe iliyotangazwa.

China imetenda mengi: mwaka 2024 pekee iliongeza zaidi ya gigawati 270 za umeme wa jua. Lakini mwaka huohuo zaidi ya nusu ya umeme wake ulitokana na makaa ya mawe, na vituo vipya vya makaa viliendelea kujengwa. Kituo kama hicho huweza kufanya kazi miaka 30 hadi 40. Kikifungwa kabla ya umri wake, wafanyakazi huenda wakapoteza riziki; kisipofungwa, ahadi huenda ikavunjwa. Septemba 2025 China iliahidi kupunguza asilimia 7 hadi 10 kutoka kileleni ifikapo 2035. Basi sehemu kubwa ya mteremko imeachiwa miaka 25 ya mwisho, mabegani mwa walio watoto leo.

Kwa hiyo serikali yoyote, ikiwemo yetu, itakapotaja mwaka, tusiushangilie mwaka. Tuulize: kila miaka mitano itapunguza kiasi gani, na nani atawafidia watakaopoteza kazi? Mdaiwa mkweli hataji siku ya mwisho tu. Hutaja pia mafungu ya kulipa.