Honi, Siwa na Haki ya Kupaza Sauti

Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Methali hii hufundishwa tangu shule za msingi, lakini ni nadra mwanafunzi kuelezwa mapatano yaliyoizaa: kwamba mbiu hailii ovyo. Mpigaji wake anajulikana, wakati wake unajulikana, na ndiyo maana anayeisikia huweka jembe chini akatega sikio. Katika visiwa vya Lamu na Pate mapatano hayo yalifikia kilele katika siwa. Ile ya Pate ilichongwa kwa pembe za ndovu, ya Lamu ikasubuliwa kwa shaba, na zote mbili zimehifadhiwa hadi leo katika makumbusho ya Lamu. Siwa ilikuwa alama ya mamlaka. Haikuwezekana mtu kuamka asubuhi, akainunua sokoni, kisha akaipuliza mlangoni pa jirani.

Siku hizi mbiu inauzwa. Anayepita Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, penye maduka ya vipuri vya magari yaliyobanana kama meno ya chanuo, atakuta honi za kila sauti: inayolia kama meli, inayolia kama ndama aliyepotezana na mamaye, na inayoimba. Baadhi ya honi za aina hii hutangazwa kuwa na nguvu ya desibeli 300. Huo ni uongo mtupu, kwani sauti ya kawaida hewani hufikia ukomo wake karibu na desibeli 194. Hata hivyo mnunuzi hajali hesabu. Anachonunua ni ahadi ya kuogopwa.

Honi inayotoka kiwandani ni chombo chenye kiasi. Sumaku ya umeme huvuta kiwambo chembamba cha chuma, umeme ukakatika, kiwambo kikarudi, na mchezo huo ukarudiwa mamia ya mara kwa sekunde moja. Kanuni nambari 28 ya Umoja wa Mataifa huitaka sauti ya honi ya gari isizidi desibeli 112 ikipimwa umbali wa mita 7. Honi ya upepo, kwa upande wake, hutumia kompresa inayosukuma hewa ndani ya tarumbeta. Fundi mweledi huipa waya mnene, relei na fyuzi yake yenyewe, kwa sababu nyaya za awali hazikukusudiwa kubeba mzigo huo. Fundi wa kubahatisha huiunganisha vivi hivi, akaja kufunzwa na harufu ya plastiki inayoungua. Katika malori hatari ni kubwa zaidi. Hewa ya honi huchotwa kutoka matangi ya breki, na pasipo vali ya kulinda shinikizo, mpira wa honi ukipasuka hewa ya breki nayo huvuja. Dereva huyo anapiga kelele kwa pumzi ile ile inayotakiwa kulisimamisha lori.

Si haki kudai kwamba kila anayebadilisha honi ni mtovu wa adabu. Dereva wa lori anayeteremka kuelekea Mai Mahiu, akikabiliwa na kona na ukungu, anahitaji kusikika kabla ya kuonekana. Mwendeshaji wa bodaboda naye hana bati la kumkinga, na madereva wa magari madogo hufunga vioo wakafungulia muziki. Hoja hizi zina uzito barabara inapokuwa wazi. Katika Mtaa wa Tom Mboya saa kumi na moja jioni, magari yakiwa yameshikamana bamba kwa bamba, honi haionyi hatari yoyote. Gari halina pa kwenda. Hapo honi ni matusi tu yasiyo na maneno.

Mwanaisimu aliyelelewa katika mafunzo ya Saussure atatambua upesi kinachopotea. Ishara hupata thamani kwa kutofautiana na ishara nyingine. Honi moja fupi ya kumzindua mtoto anayevuka barabara ina maana kwa kuwa imekatiza ukimya. Pakiwa na honi mia, ile ya kumwokoa mtoto inakuwa ya mia na moja. Ambulensi nayo hupiga king'ora chake katikati ya jiji pasiwe na anayegeuka, si kwa sababu watu wa Nairobi wana roho za mawe, bali kwa sababu masikio yao yamefunzwa kutoamini. Huu ndio ubaya mkuu wa honi za kishindo, na unazidi hata ule wa kuudhi.

Madhara ya mwili nayo si ya kubezwa. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, hupendekeza mfanyakazi asikae katika kelele za desibeli 85 kwa zaidi ya saa 8, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda huo hupunguzwa kwa nusu. Kwa desibeli 100 ni dakika 15 pekee. Msomaji na amfikirie mama anayeuza ndizi kituoni kutwa nzima, au makanga mwenyewe.

Riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o, Shetani Msalabani, iliyotoka kwa Kiswahili mwaka 1982, huwakutanisha abiria wasiojuana ndani ya matatu ya Mwaura, wakasimuliana maisha yao hadi Ilmorog. Matatu ile kuukuu ilikuwa baraza. Wahakiki wamechambua mengi katika safari ile, ila sharti lake la kwanza hupitwa: abiria waliweza kusikizana. Matatu nyingi za mijini leo haziruhusu hata salamu.

Kenya haikosi sheria. Kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009, zilizotungwa chini ya sheria ya mazingira, zinakataza honi kupigwa isipokuwa inapohitajika kuzuia ajali. Lakini kumtia pingu makanga peke yake ni kuukata mti kwa matawi. Kijana huyo ameshuhudia misafara ya wakubwa ikipasua foleni kwa ving'ora, wananchi wakisukumwa kando ya barabara waliyoilipia kodi. Amejifunza kwamba njia ni ya mwenye sauti kubwa. Asiyekuwa na cheo hununua honi. Zaidi ya hayo, ana fedha za mwenye gari za kutimiza kabla ya jua kutua, na abiria ni wa anayewahi. Ukaguzi wa magari ya uchukuzi uwe na kipimo cha desibeli, naam, lakini kipimo hicho kianze na magari yenye vibendera.

Ajabu ni kwamba wahudumu wa matatu wanayo lugha nyingine, tulivu na yenye sarufi. Makanga aliyening'inia mlangoni hugonga bati kwa kiganja: mara moja, gari lisimame, mara mbili, liondoke. Dereva huelewa pasipo kugeuza shingo, hakuna anayeshtuka, na abiria aliyelala huendelea kulala.