Mshono hauishii kwenye nguo

Mwandishi, umeeleza kwamba mshono ni pale vipande viwili vya kitambaa vinapounganishwa kwa uzi, ukaishia hapo. Njoo Sekei, hapa Arusha, ukae barazani kwa fundi nusu saa. Mteja akiuliza, "Una mishono gani mipya?" haulizi habari za uzi, anataka picha za mitindo ya vitenge. Na mama aliyejifungua kwa upasuaji akikatazwa kuinua ndoo ya maji mshono usije ukaachia, hapo cherehani haimo kabisa. Ila sikiliza watu wanavyosema: hospitalini zinatolewa nyuzi, mshono mtu anabaki nao.

Halafu kuna hili linalonichekesha. Sweta la shule hufumwa, kwa hiyo kulifumua ni sawa. Suruali imeshonwa, lakini nayo fundi anaifumua! Neno shonoa lipo na lina mantiki yake, ila mimi kwa mafundi wa huku silisikii.

(Wageni, Moshono ni kata hapa hapa Arusha. Msije mkaenda huko kutafuta gauni kwa sababu ya jina.)