Ukweli Uliomo Katika Kahawa ya Ruiru
Wanafunzi wa Thika hukaririshwa kwamba spishi tofauti hazizalishani, wasielezwe sababu. Sababu mojawapo ni hesabu. Arabika ina kromosomu 44, robusta 22. Mche mahuluti hupata 33, zisizoweza kupangana zote mbilimbili, hivyo kwa kawaida huwa tasa. (Sisi wanaisimu twalipenda neno “mahuluti”, lakini neno si elimu.) Baadhi ya viazi vya mwituni na vya shambani navyo hutatizwa kwa njia nyingine: chakula cha kiinitete huharibika, mbegu ikafa. Hata hivyo, kisiwani Timor arabika na robusta zilizaa mche wenye kromosomu 44, usio tasa. Sehemu ya kinga ya Ruiru 11, iliyotolewa mwaka 1985, dhidi ya chulebuni na kutu ya majani ilitoka huko. Walimu, Ruiru ni mwendo mfupi kwa matatu. Mbona somo hili lingali la kukariri?